Barua kwa mwanangu kuhusu chuo cha akiba

Mwanangu mpenzi Rehema,

Salaam nyingi kutoka Houston. Umeniuliza iwapo mjukuu wangu Faraji, ambaye alama zake zinawapita wenzake karibu wote shuleni, ana haja ya kuweka chuo cha akiba, yaani kile ambacho kitampokea hata vingine vyote vikimkataa, kwenye orodha yake ya vyuo vya kuomba, au kufanya hivyo ni kumkatisha tamaa kabla hajajaribu. Haja anayo, na hilo halinisumbui: Harvard huwakubali waombaji karibu 4 tu katika kila 100, na wengi wa wanaokataliwa wana alama kama zake. Linalonisumbua ni jinsi chuo hicho kitakavyotajwa nyumbani mwenu, maana mtoto husikia.

Unaukumbuka mwaka wa kaka yako Salim. Majibu ya vyuo vikuu vya binafsi yalifuatana mwishoni mwa Machi, yote ya kukataa, kikabaki chuo kikuu cha serikali kilichokuwa kimekwisha kumkubali kwa sheria ya Texas ya 1997, ile inayowapa nafasi katika vyuo vya umma wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya shule yao. Jumapili ile mama yako alipika vitumbua, na mgeni wetu mmoja, mtu tuliyemheshimu, akamshika Salim mkono na kumwambia, "Pole sana, kijana wangu." Pole, kana kwamba tumefiwa! Salim aliitikia kwa adabu yote tuliyomfunza, nami nikauona uso wake ukisinyaa. Miaka mingi imepita, na mgeni yule tunaamkiana vizuri msikitini, lakini neno lile halijanitoka moyoni.

Ndiyo maana narudia lile mlilonisikia nikilisema tangu hapo: mtoto asiombe chuo ambacho hayuko radhi kwenda. Chuo cha akiba lazima kiwe na uhakika wa kumpokea, ada yake tuimudu, na yeye mwenyewe akipende. Likikosekana moja, hakuna akiba.

Wala msiitegemee sheria ile kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Texas cha Austin kimeruhusiwa kuwa na kiwango chake, ambacho kwa wanaoanza masomo 2026 ni asilimia 5 ya juu, na aliyefikia kiwango hicho huhakikishiwa chuo, si fani. Anayetaka uhandisi au sayansi ya kompyuta bado hushindania nafasi. Vipo pia vyuo vinavyopima nia ya mwombaji, ambako mwanafunzi bora aliyejaza fomu ili mradi amejaza anaweza kuachwa, kwa kudhaniwa kwamba hatakuja.

Utaniambia kwamba Salim angefika mbali zaidi kule alikokataliwa. Huenda. Baadhi ya vyuo vile vina misaada mikubwa, na kwa kipato chetu cha wakati ule kimojawapo kingeweza kutugharimu pungufu ya chuo cha serikali; hilo siwezi kulipinga, na ndiyo maana nataka Faraji aviombe vyote anavyovitamani. Hata hivyo, mwaka wake wa pili tu Salim alikuwa maabara pamoja na profesa wake, akitupigia simu usiku kueleza majaribio ambayo mama yako hakuyaelewa na wala hakutaka aache kuyaeleza, na alihitimu bila deni. Nani atanipa pole kwa hayo?

Kuhusu chuo chenyewe, jina ninalo, na limekuwa kwenye ncha ya kalamu yangu tangu mstari wa kwanza. Mama yako amenikataza kulitaja, akisema kwamba mjukuu ndiye atakayelala kwenye bweni hilo miaka minne, si babu yake. Nimemtii, ingawa kwa shida. Mpeleke Faraji akavitazame viwili au vitatu siku za masomo, aketi darasani na azungumze na wanafunzi, ndipo ajaze fomu. Na barua ya kwanza ya kukubaliwa, hata ikitoka chuo cha akiba, tupigieni simu siku hiyo hiyo ili tuje Dallas kumpongeza.

Baba yako