Maswali na majibu: Kontena lenye Ansible lisilomaliza bando

Shikamoo mwalimu. Imeji yangu ya Docker (kifurushi kinachoendeshwa kama kontena) yenye Ansible, programu ya kusanidi seva, imezidi GB 1. Mteja wangu ana lodge Karatu, intaneti yao ni ya bando, na kila nikisasisha wananilalamikia. Nianze kupunguza wapi? (Njiro, Arusha)

Marahaba. Anza na ulichomwagiza pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Ukiandika `pip install ansible` huletewi Ansible peke yake. Unabebeshwa na moduli za wingu la Amazon, swichi za Cisco na mengine chungu nzima ambayo lodge hiyo haitayagusa maisha. Injini yenyewe inaitwa `ansible-core`, nayo ni ndogo. Sakinisha hiyo, kisha pitia playbook zako (faili za maelekezo ya Ansible) uone moduli unazotumia. `copy`, `template`, `service` na `apt` zimo tayari humo. Ikipungua moja, iongeze kwa `ansible-galaxy collection install`.

Halafu tazama msingi, yaani imeji unayoanzia kwenye mstari wa `FROM`. `python:3.12` tupu inakaribia GB 1 kwenye diski. Ile ya `-slim` haifiki MB 200. Wengi huichukua kubwa kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa kwenye mfano walionakili.

Nimemalizia na `RUN rm -rf` kufuta gcc (kikusanyaji cha msimbo wa C) na kache zote, lakini ukubwa uko palepale. Docker imeharibika? (Soweto, Moshi)

Haijaharibika. Kila `RUN` huacha tabaka lake, na likishafungwa halibadiliki. `rm` ya baadaye inalificha faili tu. Uzito unabaki chini yake na anayepakua anaulipia. Piga `docker history` uone mstari gani ndio mzito.

Dawa ninayoipenda ni kujenga kwa hatua mbili, ya kwanza ijenge, ya pili inakili matokeo tu, jambo ambalo Docker inaliruhusu tangu 2017:

```
FROM python:3.12-slim AS jenzi
RUN python -m venv /opt/ansible \
 && /opt/ansible/bin/pip install ansible-core

FROM python:3.12-slim
RUN apt-get update \
 && apt-get install -y --no-install-recommends openssh-client \
 && rm -rf /var/lib/apt/lists/*
COPY --from=jenzi /opt/ansible /opt/ansible
```

Gcc ikihitajika, iweke hatua ya kwanza, itabaki hukohuko. Angalia pia `rm` ya hatua ya pili: ipo kwenye `RUN` ileile iliyoleta orodha za apt, ndiyo maana inafaa kitu.

Kwa nini usituambie Alpine tu, ile Linux ndogo? Haifiki hata MB 10. (Usa River)

Sina ugomvi nayo. Ila maktaba yake ya msingi ya C ni musl badala ya glibc ya Linux nyingi, na kifurushi cha Python kisicho na toleo la musl kitaanza kujengwa kutoka kwenye msimbo, wewe ukisubiri na feni ya laptopu ikivuma. Ukiitaka, achana na pip: `apk add --no-cache ansible-core openssh-client` inatosha.

Ufunguo wangu wa SSH niliuingiza kwa `COPY`, nikaufuta mstari unaofuata. Niko salama? (Himo)

Hapana, kaka. Ni habari ileile ya tabaka: yeyote mwenye imeji hiyo anaweza kuuchomoa. Tengeneza mwingine leo, na ule wa zamani uondoe kwenye `authorized_keys` za seva zote. Huo mpya usiingie kwenye imeji kabisa. Uambatanishe wakati wa kuendesha, wa kusomwa tu:

`docker run -v ~/.ssh/id_ed25519:/root/.ssh/id_ed25519:ro ...`

Ofisini tunatumia Puppet, nayo ya kusanidi seva. Nimweke wakala wake ndani ya kila kontena la programu? (Kijenge, Arusha)

Usimweke. Wakala wa Puppet huamka kila dakika 30, usipombadilishia, kurekebisha mashine iliyoachana na maelekezo. Kontena halirekebishwi likiwa kazini: linatupwa, linajengwa jingine. Utakuwa unabeba Ruby nzima bure. Ansible nayo vivyo hivyo. Iwe na imeji yake ya kuendeshea kazi, isichanganywe na ya programu. Wakala mwache kwenye seva inayobeba Docker, huko ana shughuli za kutosha.