Jiwe la njano la Uluguru: usilioshe kwanza

Mkuu nimeona swali lako, umeokota jiwe la njano zito kwenye kifusi cha machimbo ya zamani ya ulanga (yale madini ya matabaka yanayong'aa, maika) huko milima ya Uluguru na unauliza ulioshe na nini ling'ae. Usilioshe kabisa, huenda ni rutherfodini, jiwe la urani lenye mionzi. Na kama liko chumbani unakolala litoe leo hii.

Na mimi nilipata la hivyohivyo, mjomba alikuwa anachimba ulanga akanipa pande kama ngumi ya mtoto, njano iliyopauka, kona zake zimekaa kama dadu. Nikalitumbukiza kwenye maji makali ya betri, yaani asidi, kama tulivyozoea kutoa kutu kwenye mawe mengine, likatoa mapovu na ile njano ikayeyuka, likabaki donge jeusi limeliwaliwa. Inaniuma mpaka leo maana mwalimu mmoja wa jiolojia alipolipima mionzi mashine ikalia mfululizo, akaniambia nimeharibu rutherfodini.

Rutherfodini ni kabonati ya urani, yaani urani iliyoungana na kaboni na oksijeni, ndio maana asidi inaitafuna. Urani ndani yake ni kama 72% ya uzito. Mjerumani Willy Marckwald aliieleza mwaka 1906 kwa sampuli za Morogoro, enzi za ukoloni wao, akaipa jina la Ernest Rutherford, yule bingwa wa mionzi. Baadaye imeonekana kwingine, mfano mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga, Kongo, ila kwao ni Uluguru na mimi najivunia hilo sana.

Sasa kinachonifurahisha zaidi ni lilivyozaliwa. Mwanzo lilikuwa jeusi tii, uraniniti (oksidi ya urani), limekaa katikati ya ulanga na feldispa (madini ya kawaida ya mwamba) mamia ya mamilioni ya miaka, halafu maji yenye oksijeni yakapenya kwenye nyufa, urani ikabadilika, na pale penye kabondayoksaidi ya kutosha ikashikana nayo palepale bila kupoteza umbo, yaani unaona jiwe la njano lakini zile kona ni za lile jeusi lililotangulia. Mara nyingi kiini cheusi bado kimo ndani. Usilipasue kuhakikisha, vumbi lake ukilivuta ni hatari kuliko jiwe lenyewe.

Wakusanyaji wanachothamini ni hayo maumbo kuwa mazima, ulanga ulioshikana nalo, na kujua limetoka wapi. Andika kijiji, shimo na tarehe uliyoliokota, weka na jiwe, bila hivyo ni donge tu. Liweke kwenye boksi lenye lebo, stoo ya nje inayopitisha hewa, kwa sababu linatoa radoni, gesi yenye mionzi isiyo na harufu. Shika na glavu, nawa mikono, watoto wasilisogelee.

Dalali akikwambia mabilioni mkimbie. Migodi ya urani inahesabu tani za mwamba, pande moja haliwatajirishi. Tena kumiliki au kusafirisha kitu chenye mionzi kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, anza na Afisa Madini wa mkoa wako umuulize kabla hujalisafirisha popote.

Piga picha juani, weka shilingi mia pembeni tujue ukubwa, na utuonyeshe vizuri pale ulanga ulipogusana na njano.