Mpira wa kukanyagia bafuni unaoteleza na kunuka

Kinachonuka si mpira wenyewe, ni maji yaliyonaswa chini yake pamoja na mapovu ya sabuni na ngozi iliyokufa. Ule mweusi wa chengachenga za matairi una vitundu, unanyonya maji kama sifongo. Bafuni haufai, hata ukiusugua kila siku. Chukua mpira ulioshikamana, usiopitisha maji, wenye matundu ya kupitisha maji na vijiguu chini vya kuuinua.

Vile vikombe vya kunata vilivyo chini ya baadhi ya mipira hushika kwenye kigae laini tu. Kama vigae vyako vina mikwaruzo, au ni sakafu ya saruji, hewa inapita na mpira unahama ukiukanyaga, na hapo ndipo wazee wanapoanguka. Kwa sakafu hiyo tafuta mzito usio na vikombe.

Ukimaliza kuoga, uinue na uutundike ukauke pande zote mbili. Mara moja kwa wiki geuza upande wa chini, sugua kwa brashi ya nailoni na sabuni ya maji, suuza sana. Chumvi ya maji ya kisima hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 10. Tafadhali usiweke siki na jiki pamoja, gesi yake inaumiza mapafu. Mafuta ya taa na petroli usiguse kabisa: mpira huvimba na kulainika.

Halafu angalia mteremko. Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Maji yakituama, hakuna mpira utakaokusaidia.