Shule inakataza chakula cha nyumbani, na mtoto ana mzio wa karanga

Pole sana dada. Umesema shule ya awali ya mwanao wa miaka 4 hairuhusu chakula cha nyumbani, na uji wao wa lishe wenye karanga unamvimbisha midomo. Usikubali kuambiwa "atazoea". Leo ni midomo, siku nyingine anaweza kubanwa pumzi.

Kuanzia kesho asinywe uji huo. Mpeleke hospitali, daktari aandike barua, kisha uonane na mwalimu mkuu mwenyewe. Sheria hiyo mara nyingi huwekwa kwa nia njema: watoto wasitamaniane chipsi na soda, na wali uliofungwa alfajiri usichache kwa joto la Dar. Basi omba ruhusa ya mwanao tu: uji wa ulezi mtupu kwenye chupa ya chai yenye jina lake.

Halafu ongea na mpishi, hasa kama shule itaamua kumpikia mtoto uji wake hapohapo, maana yeye ndiye anayeshika upawa. Akikoroga sufuria mbili kwa mwiko mmoja, barua haitasaidia kitu. Kikombe nacho kiwe cha mtoto peke yake. Na mwalimu wa darasa ajue: mtoto akianza kuhema kwa shida, wamkimbize hospitali hapohapo, simu kwako baadaye.