Re: Njia ya W&OD inamfaa mtu aliyeacha baiskeli miaka?

Mkuu karibu Virginia, na jibu la swali lako ni ndio, inakufaa kabisa hata kama baiskeli uliiacha Tanga. Hii W&OD (Washington and Old Dominion), njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, zamani ilikuwa reli, treni zilikoma 1968, na treni haipandi mlima mkali kwa hiyo njia imelala tu, lami mwanzo mwisho km 72 hivi toka Shirlington mpaka Purcellville. Ila usijidanganye, ukitoka Leesburg kuelekea magharibi kuna mpando wa Clarks Gap, si mkali lakini hauishi, mimi mara ya kwanza nilidhani breki zimekamata nikashuka kuangalia kumbe ni miguu tu 😂

Kwa kuanzia paki Vienna, mji wa hapa hapa Virginia, pale kuna behewa jekundu la zamani kando ya njia, dogo lako atalipenda. Kaeni kulia, ukisikia kengele nyuma usigeuke kushangaa, mtu anapita kushoto. Makutano na barabara ndio ya kuogopa, simama hata kama gari limekusimamia maana la leni ya pili huenda halijakuona. Beba tyubu, pampu na maji. Taa za baiskeli unazo?