Jibu: Fizi zimerudi nyuma, nisugue kwa mkaa na ndimu?

Weka hiyo ndimu chini kwanza. Unasema meno ya mbele yanaonekana marefu, ukipiga mswaki unatema damu, na jirani amekwambia usugue mkaa uliotwangwa na ndimu kwa mswaki mgumu mpaka "damu chafu" iishe. Halafu unauliza kama fizi huota tena, kama miraa inachangia, na daktari atakutoza ngapi. La fizi kuota nitakujibu; la miraa na bei muulize daktari mwenyewe.

Maneno hayo hayo niliuziwa mimi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na mzee mmoja mwenye meza ya dawa: vichupa, mizizi, na unga mweusi umefungwa kwenye vikaratasi. "Fizi ikitoa damu, izidishie, ndio uchafu unatoka." Yakini tupu. Mwenyewe kinywani ana meno ya kuhesabika, na mimi na masomo yangu yote sikujiuliza yale mengine yalikwenda wapi.

Nikasugua. Wallahi nilisugua kama fundi wa Matondoni anayepiga msasa ubao wa jahazi. Meno yakang'aa, nikawa nacheka ovyo hata pasipo kichekesho. Kumbe jino lina gamba gumu la enameli kwa juu tu. Mzizi ulio chini ya fizi hauna. Ndimu ni asidi, inalainisha. Mkaa unakwangua kilicholainika. Mswaki mgumu unamalizia kwa kuichubua fizi hadi irudi nyuma, mzizi ubaki wazi. Leo ukipitisha ukucha kwenye chonge langu, pale karibu na fizi, unakwama: pana mfereji. Dafu la baridi nanywea upande mmoja wa mdomo, watu barazani wanadhani nimepatwa na kiharusi.

Na damu si uchafu unaotoka, bwana. Ni fizi imevimba, mara nyingi kwa utando wa bakteria na ukoga ulioganda kwenye shina la jino. Ukoga ukishakuwa jiwe mswaki hauuwezi, hata uwe wa waya. Unaondolewa na daktari wa meno kwa vyombo vyake, mpaka chini ya fizi. Hayo niliambiwa nikiwa kitini, nimeachama, siwezi hata kujitetea. Na fizi iliyokwenda haioti tena. Ukitaka mzizi ufunikwe ni upasuaji: aghalabu wanakata kinyama kwenye kaakaa wakakishona hapo. Kaakaa lako mwenyewe! Na yule mzee bado yuko Langoni anauza.

Kwa hiyo shika moja: mswaki laini, mkono mwepesi. Ushike kwa ncha za vidole, si kwa ngumi. Uinamishe kuelekea kwenye fizi, zungusha polepole, dakika 2, mara 2 kwa siku, dawa ya meno iwe na floraidi. Damu ikitoka usiache kupiga mswaki, wala usikaze. Hata ule wa mti, wa Sunna, utafune ncha mpaka nyuzi zilainike. Usijikwaruze nao mkavu.

Kwa daktari nenda wiki hii, na jino likianza kucheza usingoje hata hiyo wiki. Lakini kabla ya hapo tizama mswaki ulio nao. Nyuzi zikiwa zimelala huku na huku na wala si wa zamani, ni mkono wako huo. Utupe. Nenda duka la dawa useme unataka laini kabisa, na wakikwambia zimebaki ngumu tu, nenda duka la pili.