Wananiambia nishukuru tu, mbona mi siwezi?

SWALI

Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji, Kigoma, na biashara yangu ni dagaa pale mwaloni Kibirizi. Naumwa utumbo mwaka wa nne huu. Mwanzo walikua wananitibu amiba, mara taifodi, mara minyoo, dawa za kila aina nimemeza na damu kwenye choo haikati, mpaka shemeji yangu akasema basi, akanipandisha basi la Mwanza, njiani anamuomba dereva asimame na yeye ndo ananishikia khanga nijistiri. Bugando wakanipima kwa ile kamera inayopita njia ya haja kubwa wakasema utumbo mpana una vidonda, ni kolaitisi, haiponi moja kwa moja ila inatulizwa na dawa. Basi kuna miezi natulia kabisa alafu inalipuka tena, usiku kucha chooni, nimekonda, siku hizi nikifika mahali naulizia choo kwanza ndo niulize bei.

Sasa anti kinachoniumiza zaidi ni maneno. Mama mkwe, majirani, wenzangu wa kikoba, wote ni shukuru Mungu, wenzio wana kansa, wenzio washakufa. Nikisikia hivo nakasirika mpaka natetemeka. Mdomoni naitikia alhamdulillah ila moyoni hamna kitu, usiku naogopa nimekufuru. Hivi anayeumwa hivi anashukuruje? Na mfungo nifanyeje, mana Ramadhani iliyopita nilifunga nikadondoka.

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma nikairudia, na nianze na hicho kinachokunyima usingizi: hujakufuru. Hebu mwangalie Nabii Ayubu, huyohuyo ambaye kila mtu anamtaja tukiambiwa tusubiri. Suratul Anbiyaa aya ya 83 anamlilia Mola wake kwamba imenigusa dhara, nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote, na aya inayofuata anajibiwa, hakuna mahali anakaripiwa kwa kusema inauma. Jirani zako Wakristo nao kwenye kitabu chao cha Ayubu wanasoma sura ya 3 nzima analaani siku aliyozaliwa. Kama mitume walisema inauma, wewe wa Ujiji nani kakukataza?

Alafu haya ya wenzio wana kansa. Najua wanakupenda na wengi hawajui la kusema mbele ya mgonjwa, lakini kwakweli hiyo si shukrani, ni kumwambia mtu anyamaze. Mimi siipendi kabisa hiyo tabia yetu, eti nifurahi kwa sababu kuna mama mwingine yupo wodini anateseka kuliko mimi, hiyo ni shukrani gani ya kusimama juu ya msiba wa mwenzio. Mama mkwe mwambie kwa adabu, mama najua mnanitakia heri, ila siku nikizidiwa nisaidieni tu kuchota maji na kuwaangalia watoto, hilo litanisaidia zaidi.

Sasa kushukuru. Ugonjwa wenyewe huna haja ya kuushukuru na asikulazimishe mtu. Ila angalia ulichoandika mwenyewe, tena umekipitia haraka haraka kama kitu kidogo: mwanaume mzima, shemeji yako, anashuka kwenye basi kando ya barabara, abiria wanachungulia dirishani, na yeye amekushikia khanga, amegeuza uso pembeni mpaka umalize. Yani mimi hapo ndo niliweka barua chini. Je ulishawahi kumwambia? Sio ile asante ya jumla, mwambie kwa kutaja, ile siku njiani ulinistiri na sijasahau. Hiyo ndo shukrani ninayoijua mimi, inakua na jina la mtu na kitu alichokufanyia, na haikutaki useme uongo kwamba huumwi.

Hata wataalamu wamelipima hili. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao sehemu yake moja ilihusu watu wenye magonjwa ya muda mrefu ya misuli na neva, baadhi yao kila siku kwa siku 21 waliandika vitu wanavyoshukuru. Ugonjwa ulibaki palepale, ila hao walioandika walikua na furaha zaidi na walisema wanalala vizuri zaidi kuliko wenzao. Kwahiyo jioni ukishafunga biashara andika kwenye simu kitu kimoja au viwili vya siku hiyo, labda anayelinda choo cha mwaloni amekupisha bila kukudai hela kwanza, labda ugali umekaa tumboni. Siku ambayo hamna, andika hamna ulale. Na siku inapolipuka usijilazimishe chochote, siku hiyo kazi yako ni maji ya chumvichumvi ya pakiti, dawa na kupumzika.

Nikuchoshe kidogo na hospitali, najua umesema kinachokuumiza zaidi ni maneno, ila nnavyotujua, tukipata nafuu dawa tunaacha. Kolaitisi ni kinga ya mwili wenyewe inaushambulia utumbo, kwanini inaanza bado sayansi haijapata jibu kamili, ila haitokani na kurogwa wala kulishwa kitu, wakikuambia uende kwa mganga kataa. Zile za kutuliza unaendelea nazo hata ukiwa mzima kama daktari alivyopanga, na kama umepewa prednisoloni, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe, usiikate ghafla, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo yake. Ukiumwa mgongo sababu ya ndoo za dagaa usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, hizo zinaweza kuamsha ugonjwa. Na ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, alafu una homa au moyo unaenda mbio, usisubiri asubuhi, nenda hospitali ya mkoa Maweni usiku huohuo. Pia ukiwa na safari ya Tabora kwa ndugu panda treni mwanangu, kule ndani kuna choo.

Mfungo sasa. Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimemtaja mgonjwa waziwazi, ameruhusiwa kula na atalipa siku nyingine, na wanazuoni wanasema ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona na hawezi kulipa, analisha maskini kwa kila siku. Wewe uko wapi kati ya hao wawili, hilo unalimaliza na watu wawili, daktari wako na sheikh wako, na ningependa uwaone mapema mwezi wa Shaabani, sio siku mwezi unaandama. Daktari muulize kama sa hivi utumbo umetulia kiasi cha kuhimili kukaa bila maji mchana kutwa, na kama dawa zako zinaweza kupangwa daku na futari. Akisema hapana usifunge, na mtu akikuuliza mbona unakula, huna haja ya kumtolea cheti cha hospitali. Futari waandalie wanao na baba yao kama una nguvu, kama huna mwambie wifi yako aje, na yule shemeji naye akaribishwe.